Nyumba ya Binti wa Fundi

Tulikuwa tumeshamzika Baba, wageni wa mbali wameondoka, na sisi wenye msiba tumebaki tunakunja maturubai na kurudisha viti vya kanisa, pale mdogo wangu Godi aliponiuliza swali, hana hili wala lile. "Dada, yule rafiki wa Baba wa Nainokanoka aliambiwa?" Nilikuwa nimebeba masufuria mawili makubwa na nikayaweka chini. Nikamwambia sijui. Nilijua vizuri sana kwamba hakuambiwa, na nilijua kwa nini familia nzima haikuwa na namba ya simu ya mtu yeyote wa kule. Nina karibu miaka sitini, nimelea watoto wangu, nimesimama mbele ya madarasa mpaka nikastaafu, lakini swali la kawaida kama lile lilininyong'onyeza palepale uani, watu wakadhani ni uchungu wa msiba. Mama Daqaro, jirani yetu wa miaka yote, akaniletea kigoda. Godi akasema basi Jumamosi atanipitia na gari twende wenyewe tukawape taarifa, maana si vizuri. Nilitafuta sababu ya kukataa, nikaikosa.

Mambo yenyewe yalitokea mwaka themanini na nne, nami nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni Arusha. Ni mwaka ambao sukari ilipatikana kwa kujuana na sabuni ya kufulia tuliikata vipande kwa uzi ili itoshe. Baba alikuwa fundi wa magari katika loji moja ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, analala huko wiki nzima na kushuka Karatu Jumamosi kwa lifti, ananuka oili na moshi wa kuni. Bwenini nilikuwa nimewaambia wenzangu kwamba yeye ni meneja. Nilisema mara moja tu, nikiwa kidato cha kwanza, baada ya hapo ikawa lazima niulee huo uongo kama mtoto. Niliporudi likizo ya Juni nilikuta sebuleni kalenda ya ukutani imegeuzwa, picha inatazama ukuta, na upande mweupe Baba amechora kwa penseli ya seremala barabara ya kutoka geti la hifadhi, njia panda ya kupandia Nainokanoka, halafu nukta nukta hadi kreta ya Empakaai, na pembeni orodha: unga, maharage ya kuchemsha kabisa nyumbani, samli, vitunguu, blanketi sita, viberiti viwili ndani ya nailoni. Chini kabisa aliandika majina yetu wanne kwa herufi kubwa, langu la kwanza kwa sababu ndimi mtoto mkubwa. Mama alikuwa kwenye cherehani yake, ameinamia turubai la kijani lililojaa meza nzima hadi sakafuni.

Lile turubai lilikuwa hema. Watalii fulani walikuwa wamelichana, loji ikataka kulitupa, Baba akaliomba. "Tunaenda likizo," alinieleza, na neno lenyewe alilitamka kwa uangalifu, kwa sababu kwetu likizo ilikuwa ni kitu cha shule, au cha kwenda Moshi kusalimia bibi na kulima. Hii ilikuwa kulala siku tatu porini, kwa miguu, kwa raha tu. Mama alimwuliza bila kuinua macho, "Baba Anna, tuna nyumba ya bati, vyumba vitatu. Tukalale nje tumefukuzwa na nani?" Baba akacheka. Kisha akasema maneno ambayo niliyasikia nikiwa jikoni nachambua mboga, maana alidhani nimetoka. "Miaka saba nawatengenezea watalii magari. Jioni wanakaa na watoto wao wakubwa, wamezunguka moto, baba mtu na vijana wenye ndevu, wanacheka. Nataka na mimi nijue wanachekea nini. Anna mwakani ni kidato cha nne, baada ya hapo ni wa watu. Huyu Godi naye hivyo hivyo. Nina likizo moja tu na hawa watoto, Mama Anna, kama ninayo." Nilisikia cherehani ikianza tena.

Ningekuwa mtoto mwenye akili hapo ningelia. Mimi niliona aibu tupu. Jumapili baada ya ibada Baba alilisimamisha hema uani ili tujifunze kulifunga, na Karatu nzima, au mimi niliona ni nzima, ikaja kuangalia. Mama Daqaro alizunguka hema mara mbili, akapiga kitambaa kofi, akauliza, "Fundi, mmeingia jeshini?" Watu walicheka, Baba akacheka nao, akawaonyesha kigingi kinavyoingia kwa kulalia upande. Godi, mwenye miaka kumi na minne, alikuwa anatambaa ndani na nje akiwa na furaha ambayo sijaiona tena kwake mpaka alipooa. Mimi nilijifungia chumbani nikisoma barua ya Stella. Stella alikuwa rafiki yangu wa bweni, kwao Arusha kuna friji na santuri, na alinialika nikakae kwao siku chache, wiki ileile ya hema. Nilikuwa nimeshamwomba Baba. Alinijibu kwa upole, "Mama, Stella yupo mwaka mzima." Huwa tunaitwa hivyo na baba zetu, Mama, na siku hiyo hata hilo liliniudhi.

Mwenyeji wetu angekuwa Saning'o. Yeye na Baba walijuana kwa sababu ya maziwa. Saning'o alikuwa akiyaleta kwenye nyumba za wafanyakazi wa loji, na siku moja Baba alimshonea kandambili za tairi zilizokatika, wakaanza kuongea, wasiache tena. Alikuwa Mmaasai mrefu, mpole, akija nyumbani kwetu alikaa kwenye ukingo wa kiti kana kwamba atakivunja. Makubaliano yao yalikuwa haya: Saning'o atoe punda wa kubeba mizigo kutoka njia panda, na tulale karibu na boma lake. Ila kipindi cha ukame hakuna ajuaye lini punda watapumzika kubeba maji, kwa hiyo Baba asiondoke nyumbani mpaka apate neno. Neno lenyewe lingeletwa na Kimaay, mdogo wake Saning'o, siku ya mnada. Simu haikuwepo na barua ingechukua mwezi. Mambo yote ya kule yalipita midomoni mwa watu, ng'ombe wakauzwa, wasichana wakaposwa, na mtu aliyetumwa neno alilibeba kama lilivyo mpaka alifikishe.

Kimaay alifika siku ya mnada, saa tisa hivi. Mama alikuwa mnadani na nguo zake, Godi yuko mpirani. Kimaay alikuwa bado kijana, ndiyo kwanza anaacha umorani, shuka lake limejaa vumbi la njia. Sikumkaribisha ndani. Nilimpa chai ya rangi akiwa amesimama mlangoni, na niseme yote: nilimpa kwenye kikombe cha bati tulichokuwa tunachotea maji ya kuku. Alikipokea kwa mikono miwili. Alipomaliza akasema taratibu, akikunja kidole kimoja kimoja kwa kila jambo, na Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia ukubwani. "Sema kwa baba yako hivi. Saning'o anasema karibu. Jumatano asubuhi punda mbili iko njia panda, inangoja mzigo. Kondoo iko, imenona. Hema iko moja, tunajua, na kwetu baba halali mahali binti yake mkubwa analala. Kwa hiyo Nolari, mke ya Saning'o, amejenga nyumba. Ni yako wewe." Akatabasamu, akaongeza la kwake mwenyewe ili kunitoa wasiwasi, "Wiki mbili amejenga. Mavi ya ng'ombe imekauka vizuri, hainuki." Nikamwambia asante. Akanirudishia kikombe, akaenda zake kuelekea mnadani.

Nilibaki mlangoni naiona ile nyumba. Naona nywele zangu zitakavyonuka, naona bweni, naona Stella akiziba pua. Sina maelezo mengine ya maana. Nimejaribu miaka mingi kujitafutia, kwamba nilikuwa mtoto, kwamba shule zilitufundisha kudharau, na kila mara najiona natapatapa tu. Jumamosi Baba aliposhuka hakuvua hata koti. "Kimaay alikuja?" Nikasema ndiyo, alikuja. "Kasemaje?" Nikasema, "Kasema msije." Nilikuwa nimeandaa sababu, ugonjwa wa ng'ombe, maji, punda wamepotea, nimezipanga kichwani siku mbili nzima. Baba aliuliza kitu kimoja tu. "Hakusema kwa nini?" Nikasema hakusema. Alitazama kalenda kwa muda. "Basi nimemsumbua mwenzangu," akasema. "Mtu ana mifugo yake na ukame wake, mimi nampelekea mambo ya wazungu." Akaitoa kalenda kwenye msumari, akaigeuza upande wa picha, akaitundika tena na kuinyoosha. Godi alitoka nje akaenda nyuma ya banda la kuku. Mama akasema chakula kiko tayari, na tulikula makande.

Baada ya hapo nilipewa ruhusa ya kwenda kwa Stella, tena Baba mwenyewe ndiye aliyenitafutia lifti. Jumatano ile nilikuwa Arusha sebuleni kwao, nimeshika glasi ya maji ya friji. Baba yake Stella alikuwa mtu mchangamfu, akaniuliza, "Wewe wa Ngorongoro, umeshawahi kushuka Empakaai? Wanasema chini kuna ziwa na heroe." Nikamwambia nimeshuka mara nyingi. Akataka nimweleze. Nikamweleza, kwa maneno ya Baba, mambo yote aliyokuwa akitusimulia huku amenyoosha penseli kwenye kalenda. Stella alinisikiliza kwa wivu. Nilikula kwao siku tatu na sikumbuki chakula hata kimoja.

Wiki ya mwisho ya likizo, tukiwa mezani, Baba alimwambia Mama, "Saning'o kaja gereji juzi. Kasimama pale ananichekea, kama hakuna kitu." Mama akauliza amemwambiaje. "Nimemwambia nina kazi, nikarudi chini ya gari. Kasimama muda mrefu. Nilikuwa naona miguu yake tu, na zile kandambili." Mama akasema angemwuliza. "Nimwulize nini? Mtu akikuambia usije, unamwuliza kwa nini?" Mama akanigeukia. Alikuwa mama mwenye macho ya kuona hadi ndani ya mfuko ulioshonwa. "Anna, una uhakika ndivyo alivyosema Kimaay?" Nilikuwa na tonge mkononi. Uongo wa kwanza niliusema kwa hofu na haraka, huu wa pili niliusema nimetulia, nimeshiba, wakati Baba mwenyewe ananitazama akitamani niseme vingine. Nikasema, "Ndiyo, Mama." Mwaka uliofuata Baba aliacha kazi ya loji, akafungua gereji yake Karatu. Hema alilitumia kufunika mahindi mpaka likaoza. Hakupanga tena safari yoyote ya kwenda mahali kwa raha, na Saning'o hakukanyaga tena kwetu.

Basi Jumamosi Godi akanipitia. Ukungu ulikuwa mzito kule juu, tukapanda taa zimewashwa. Nainokanoka tuliuliza dukani, tukaambiwa Saning'o alishafariki miaka kadhaa, ila mkewe Nolari yupo, boma lile pale. Nilishukuru Mungu kwa siri, na hapohapo nikajichukia kwa kushukuru. Nolari alikuwa mwembamba, jicho moja limefifia, lakini tulipojitambulisha watoto wa fundi alitushika vichwa mmoja mmoja, akatuingiza ndani, akapika chai ya maziwa matupu. Tulipompa taarifa alilia. Kisha akasema, kwa Kiswahili kizuri kuliko nilivyotegemea, "Fundi alikuwa rafiki. Sisi ndiyo tulimkosea."

Godi akamwuliza walimkosea nini. Akatusimulia. Saning'o alingoja njia panda siku mbili na punda, punda ambao siku hizo mbili ilibidi wawe wanaleta maji, na yeye Nolari na mama mkwe wake wakayabeba mgongoni. Hatukutokea. Wakaelewa kwamba neno halikufika, kwa sababu Kimaay alirudi kutoka mnadani kesho yake akinuka pombe. Kimaay aliapa kwamba alilifikisha kwa binti. Hakuna aliyemwamini. Saning'o alienda gerejini kuomba radhi, akakuta fundi amekasirika hata hataki kuonekana uso, akarudi na aibu yake akaimwagia mdogo wake. "Hatukumtuma tena mahali popote," Nolari akasema. "Alikuwa ameposa msichana wa kijiji cha Sale. Mzee wa Sale, baba wa msichana, aliposikia, akasema mtu anayekunywa neno la kaka yake hawezi kupewa binti. Msichana akapewa mwingine. Mpaka leo watoto humu wanamwita mtu aliyedondosha neno."

"Lakini, yeyo," Godi akasema, akimwita mama kwa Kimaasai, na sauti yake ilikuwa na mshangao wa kweli, "ninyi mlisema tusije."

Nolari alimtazama Godi, kisha wote wawili wakanitazama mimi. Nilikuwa na nafasi ya tatu ya kudanganya, na Mungu ananiona, nilikaribia. Kimaay alikuwa ameshaitwa mlevi kwa miaka arobaini, angepungukiwa na nini. Ningeweza kusema alikuja amelewa, akasema hovyo, mimi mtoto nikaelewa hivyo. Maneno yalishajipanga. Nikaona kikombe mikononi mwangu, cha udongo mweupe chenye maua, kikombe chake kizuri kuliko vyote, nilijua kwa sababu Godi alikuwa na cha plastiki na yeye mwenyewe hakuwa na chochote. Nikasema, "Kimaay alifika. Alisema yote. Mimi ndiye niliyebadilisha."

Hakupiga kelele. Aliuliza kwa nini, nikamwambia kwa sababu ya ile nyumba. Aliuliza nilikuwa na miaka mingapi. Nikasema kumi na saba, na nilisema kwa kunyenyekea, nikidhani ananitafutia pa kutokea.

"Mkubwa," alisema. "Ndiyo maana nilijenga."

Akamtuma mjukuu amwite Kimaay. Alikuja na fimbo, mzee mfupi kuliko nilivyomkumbuka, amevaa koti la mvua juu ya shuka. Nolari alimweleza kwa Kimaasai, maneno machache. Nilitegemea anipige ile fimbo na ningefurahi. Alinitazama sana, akasema, "Wewe ni yule wa mlangoni." Nikasema ndiyo. "Mimi mwenyewe nilikubali," akaendelea. "Nilikunywa siku ile, ni kweli, baada ya kutoka kwenu. Waliposema nililewa kabla, nilibisha mwaka mmoja, mbili. Baadaye nikasema labda kweli. Labda nililewa, nikalala njiani, nikaota binti." Nilimwomba anisamehe. Akainua mkono kunizuia, si kwa hasira. Akasema hilo ni baadaye, kwanza niseme. Wakaitwa watoto wake, wakaitwa wajukuu, akaja pia mzee mmoja wa rika lake, kila anapoingia mtu nasimama na kusema upya tangu mwanzo, na Nolari anatafsiri bila kunipunguzia kitu. Mara ya nne sauti iliniishia. Kimaay akangoja irudi.

Walipokwisha Kimaay alisema kaka yake siwezi tena kumwambia, amekwenda nalo kaburini. "Ila yule mzee wa Sale yupo. Macho hayaoni, lakini masikio yapo." Nikasema nitakwenda siku yoyote atakayopanga. Akasema leo.

Godi alitoka, tukamfuata, akasimama kwenye gari anafuta kioo ukungu kwa mkono wa koti, anafuta palepale. Nikamwita. Hakugeuka. Alimwuliza Kimaay, siyo mimi, kama barabara ya Sale inapitika, akajibiwa inapitika. Akamfungulia mlango wa mbele, akampokea fimbo, akamsaidia kupanda na kumfunga mkanda. Mimi nikajifungulia wa nyuma.